Sauti ya Kusomea Vifo

Nshachoka na maiti. Nikisema hivi watu hucheka, wanadhani Bi Rawiya leo kaamka na mzaha, lakini wallahi sina mzaha wowote. Kazi yangu ni kusoma vifo redioni. Ukiwa mtu wa Unguja unanijua hata kama hujapata kuniona, maana ni mimi niliyekwambia bibi yako kafa, na mjomba wako, na yule mwalimu wako wa chuo cha Kurani aliyekuwa akikufinya masikio. Sokoni Darajani nikiuliza bei ya muhogo watu wanageuka. Yuko muuza samaki mmoja kila akinisikia hunambia, "Bi Rawiya, chukua samaki, lakini jina langu usilitaje!" Zamani nlikuwa nikimjibu. Siku hizi nachukua samaki wangu nakwenda zangu.

Kwetu maiti hakai. Mtu akifa alfajiri, adhuhuri keshazikwa, kwa hiyo tangazo lina haraka yake. Ndiyo, simu zipo, na makundi ya WhatsApp yapo, lakini simu humaliza chaji, na wazee wetu wengi mpaka leo hawakiamini kifo ambacho hakikusomwa redioni. Nasoma jina la marehemu na anapokaa. Nasoma watoto wake na ndugu zake na wako wapi. Nasoma saa ya maziko na msikiti. Halafu nasoma kitu ambacho kabla yangu hakikuwa kikisomwa: saa ya maiti kutolewa nyumbani. Hicho nlikiongeza mimi, kwa ajili ya wanawake. Mwanamme akichelewa ana msikiti, ana makaburi, ana udongo wa kutia mkononi. Mwanamke hendi makaburini. Yeye ana ule uso tu, kabla haujafunikwa na jeneza halijatoka mlangoni. Akiukosa, kaukosa.

Basi katika kazi hii nna msimamo mmoja, nao umenigombanisha na watu wengi: msomaji halii. Kila tangazo nalisoma kwanza kimya, kalamu mkononi. Natazama wapi nivute pumzi. Jina nalitaja mwanzo na nalirudia mwisho, kwa sababu mtu anayeosha vyombo huzindukana akisikia "mama yake fulani", na jina lenyewe limeshampita. Kikwajuni sisemi Kikwajuni tu, nasema Juu au Bondeni, kwani nshaona watu wazima wanazunguka na vikapu vya mchele wakiitafuta nyumba ya msiba. Sauti nainyoosha kama shuka iliyopigwa pasi. Hiyo ni akili. Moyo nauacha mlangoni pamoja na viatu, na nikitoka nauvaa tena. Siku nyengine nilikuwa nikisahau kuuvaa, kwa kuchoka tu.

Abdulhakim, mkuu wetu wa vipindi, yeye haoni hivyo. Ni kijana mwenye adabu zake; hukupa shikamoo kwanza, ndipo akuudhi. Siku moja aliniita ofisini kwake, juu kabisa ya ile nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe ambamo redio yetu imepanga, ngazi zake zimesimama wima na magoti yangu yanazijua moja moja.

"Shikamoo Bi Rawiya."

"Marahaba. Sema haraka mwanangu, nna mgonjwa nyumbani."

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mama yangu, Bi Sheikha. Alipigwa na kiharusi, akalala upande mmoja, akawa si wa kuinuka. Nlikuwa namuuguza mimi, pale pale kwetu Michenzani, ghorofa ya juu, maji ya kuchota chini siku pampu ikigoma. Mdogo wangu Khawla ameolewa Makunduchi, huko kusini, ana watoto wadogo na mume wake Jecha anafanya kazi Pemba. Alikuwa akija mwisho wa wiki, akimuosha mama, akimsuka nywele, akilala naye kitanda kimoja, halafu anarudi kwake. Maneno ya mama yalikwisha yote likabaki moja, nalo ni Khawla. Mie namgeuza, mie namlisha uji, naye ananitazama usoni ananiita Khawla. Naitika. Ningefanyaje?

Abdulhakim akanikalisha, akaniletea chai. Nadra alikuwa yumo humo ofisini, kasimama karibu na dirisha. Huyu Nadra ni msichana wetu mpya, mtoto wa Jang'ombe, na siku nlizokuwa na mama hospitali yeye ndiye aliyekuwa akisoma.

"Bi Rawiya, ulimsikia Nadra juzi?"

"Nlimsikia."

"Unasemaje?"

"Nasema alilia."

Alikuwa amesoma kifo cha mzee mmoja wa Kikwajuni asiye na mtu. Hana mtoto, hana ndugu, alikuwa akikaa chumba cha uani kwa watu. Tangazo lenyewe mistari miwili. Nadra alipofika pale penye "hakuacha mtoto wala ndugu" sauti ikamkatika, akanyamaza, tukamsikia anavuta kamasi redioni, kisha akamalizia. Mie nlikuwa jikoni kwetu, mwiko mkononi. Nikasema, khaa! Huyu mtoto vipi?

"Unajua msikiti ulijaa?" Abdulhakim akanambia. "Watu walisali mpaka barabarani. Hawamjui! Yuko mtu katoka Fuoni, kanipigia simu, kasema nlikuwa naendesha gari, nikaisikia sauti ya yule binti, nikageuza. Mzee hakuwa na mtu, kazikwa na mji mzima. Hiyo ndiyo sanaa, Bi Rawiya."

"Na yule mtoto aliyekufa wiki ile nyengine?" nikamuuliza. "Nadra alimlilia vile vile, na jina la msikiti akalimeza. Nusu ya watu walikwenda kwengine. Bibi wa yule mtoto alifika nyumbani kwenye mkeka mtupu. Hiyo nayo ni sanaa?"

Nadra akainamisha kichwa. "Nlikosea, Bi Rawiya. Lakini siigizi. Linanijia tu."

"Najua huigizi, mwanangu. Ungekuwa unaigiza ningekufundisha kuigiza vizuri zaidi." Nlikuwa nimechoka, na mtu akichoka ulimi unapata makali. "Nisikilize. Anayelia ni mwenye msiba. Wewe ukilia, yeye atasikia saa ngapi? Kazi yako ni kumfikisha. Umfikishe mlangoni kwa mama yake kabla hajatolewa. Akishafika, mwache alie anavyotaka, na hata asikukumbuke."

"Watu hawasikilizi redio ili wapate saa," akasema Abdulhakim. "Saa wanazo kwenye simu. Wanasikiliza wapate mtu. Wewe unasoma, samahani sana Bi Rawiya, unasoma vizuri kuliko mtu yeyote kisiwani, lakini ukisoma kifo na ukisoma bei ya karafuu ni mamoja."

Lo! Hilo lilinichoma. Nikanyanyua kikombe nikanywa. Halafu akanipa lile aliloniitia ofisini: kuanzia mwezi unaofuata asubuhi zitakuwa za Nadra, nami nitakuwa namsimamia tu, nipumzike, niuguze mzazi wangu kwa raha. Kusema kweli nusu yangu ilitaka kumshika kichwa nimbusu. Usingizi nlikuwa nausikia tu watu wakiutaja. Nusu nyengine ilitaka kummwagia chai. Nikasema, "Haya, inshallah," nikateremka ngazi zangu.

Njiani, napita Kisiwandui, nikawa nayageuza maneno yake. Bei ya karafuu! Mtu anapika pilau, hatii machozi ndani ya sufuria ili wageni wajue anawapenda. Anapima chumvi. Lakini na yule mzee wa Kikwajuni nlikuwa nakumbuka, nikijua kwamba tangazo lake lau ningelisoma mie, msikiti usingejaa. Ungekuwa na safu moja, na hiyo safu ingefika kwa wakati. Nikapanda nyumbani nikambadilisha mama shuka.

Mwezi haukufika. Mama alifariki alfajiri ya Jumatano. Nlikuwa nimetoka kusali, nakuja na kikombe cha uji, nikaona ametulia mno. Nikaweka kikombe chini. Nikamfumba macho, nikamfunga kidevu kwa kitambaa, nikampigia Mjomba Salem, mdogo wake mama, anayekaa Kikwajuni Juu. Sikulia. Si kwamba nlijizuia. Nlikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa, na kilio nacho kinataka nguvu.

Kisha nikampigia Khawla. Simu haipatikani. Nikapiga tena, na tena. Nikampigia mumewe Pemba. Alipokea, akalia kama mtoto, akasema Makunduchi umeme umekatika tangu jana na Khawla simu yake itakuwa imezima. Akasema atajaribu majirani. Baadaye akanipigia, hapati mtu.

Mjomba Salem alipofika alikuwa keshaamua. Ni mtu wa dini na wa haraka. Adhuhuri tunazika. Nikamwambia, "Mjomba, Khawla bado hajui. Lazima amuone mama. Tumtume mtu na gari lako akamchukue."

"Gari moja, mwanangu. Liende kutafuta sanda na mbao, liende kwa wachimba kaburi, au liende Makunduchi na kurudi? Na wewe si ndiye redio? Hapa kisiwani nani anafika haraka kuliko wewe?"

Akasema kweli. Jirani yake Khawla, Bi Time, ana redio ya mawe, isiyotaka umeme, na tangu alfajiri huifungulia sauti mpaka kuku wanahama. Kila nikenda Makunduchi Bi Time hunitania: "Karibu mtangaza vifo, leo umetuletea nani?" Nikajiambia, nikilisoma tangazo kwenye taarifa ya saa mbili, Khawla saa mbili na robo yuko barabarani, saa nne na nusu yuko hapa. Maiti tutamtoa saa sita na nusu. Atakuwa na mama muda mrefu, atashiriki hata kumuosha. Hilo tu ndilo nlilokuwa nalitaka siku ile. Mimi nlikuwa nimempata mama kila siku, kila usiku, mpaka namchoka, Mungu anisamehe. Khawla alikuwa amebakishiwa uso tu, na nlitaka aupate.

Mjomba akaniteremsha redioni akaenda zake kutafuta sanda. Nikazipanda zile ngazi. Nadra alikuwa keshakaa kwenye kiti, kanishikia zamu kwa kuwa nimechelewa. Aliponiona na karatasi mkononi, na buibui nimelivaa upande, akajua.

"Bi Rawiya! Mama?"

"Mama."

Akanikumbatia, akaanza kulia hapo hapo. Abdulhakim akaja, akasema, "Pole sana, pole sana Bi Rawiya. Rudi nyumbani, ukae na wenzako. Nadra atasoma."

Nikamtazama Nadra, uso umeshalowa. Nikamuona Khawla yuko uani kwake Makunduchi, na lile neno la saa linamezwa na kikohozi cha machozi. Nikasema, "Hapana. Mama yangu nitamsoma mie."

"Utaweza?"

"Mimi naweza. Nyie ndio hamuwezi."

Nikakaa. Nikasoma kimya kwanza, kalamu mkononi, kama siku zote. Nikaweka alama za pumzi. Taa nyekundu ikawaka.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha Bi Sheikha binti Azzan wa Michenzani, kilichotokea leo alfajiri. Marehemu ni mama yake Rawiya wa Michenzani na Khawla wa Makunduchi, na ni dada yake Salem wa Kikwajuni Juu. Maiti atatolewa nyumbani kwake Michenzani saa sita na nusu mchana, na maziko ni leo baada ya sala ya adhuhuri, msikiti wa Michenzani. Khawla wa Makunduchi, popote ulipo, unatakiwa ufike nyumbani haraka. Narudia. Bi Sheikha binti Azzan wa Michenzani, mama yake Khawla wa Makunduchi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Hakuna herufi iliyoyumba. Kila ha ya Kiarabu ilikaa penye ha na kila ain penye ain. Sijapata kusoma vizuri vile maisha yangu yote, na nasema bila ya kujivuna, kwa sababu nlijua kila neno linakwenda kwa nani. Taa ikazimika. Nyuma ya kioo Abdulhakim alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati.

"Nimekosea mimi," akanambia mlangoni. "Nlisema ni mamoja na bei ya karafuu. Nimekosea, Bi Rawiya. Sijapata kusikia kitu kama kile."

"Kirudieni saa nne," nikamwambia. "Hivyo hivyo, msikiguse." Wakawa wamekirekodi, wakanambia hakitaguswa. Nikateremka, na pamoja na yote yaliyonifika, nlikuwa nimeridhika kidogo. Nlikuwa nimeshaifanya kazi yangu.

Nyumbani majirani walikuwa wameshatandika mikeka, vijana wanapandisha ndoo za maji. Tukatayarisha maji ya kumuosha mama. Waliniambia tuanze, nikasema tungojeni kidogo, Khawla yuko njiani. Tukangoja. Kila nyayo kwenye ngazi nlikuwa nainua kichwa. Anaingia jirani, anaingia mke wa Mjomba, anaingia mwanamke nisiyemjua kasema kanisikia redioni. Saa nne tangazo likarudiwa. Redio ya jirani wa chini ilikuwa wazi, nikajisikia mwenyewe napanda na ngazi, nimesimama sawasawa. Nikasema, hata kama mara ya kwanza hakuisikia, hii ataisikia.

Ikafika saa tano. Tukaosha bila yake. Tukamkafini kwa sanda. Uso nikaomba usifungwe kwanza, wakaniachia. Nikakaa kitako hapo pembeni yake, namfukuzia nzi kwa upepeo. Alikuwa mzuri, mama yangu. Ule upande uliokuwa umepinda ulikuwa umenyooka. Nikawaza, Khawla akiuona hivi ataona mama yake wa zamani, si yule niliyekuwa namlisha mie.

Saa sita na nusu Mjomba akapiga hodi kwa sauti ya kiume. "Rawiya. Wakati."

"Dakika chache, Mjomba."

"Watu wako chini juani."

Nikaomba tena. Akanipa. Nikaomba tena, akaniita jina langu taratibu, akasema maiti hacheleweshwi kwa kumngoja mtu, na anayenitia maneno ya kungoja ni shetani. Mke wake akanishika bega. Nikamfunga mama uso kwa mkono wangu mwenyewe. Wanaume wakaingia, wakalibeba jeneza, na kwa vile ngazi za majumba yetu ni nyembamba, kwenye kila kona walikuwa wanalisimamisha na kuligeuza, na sauti zao zikiteremka zinazidi kuwa ndogo mpaka zikapotea barabarani. Mle chumbani godoro lilikuwa limeshakunjwa.

Khawla alifika alasiri. Nlimjua kwa nyayo zake, anapanda mbio halafu anapunguza. Aliingia na kanga za kazi, upindo umelowa maji, mkono mmoja bado una harufu ya sabuni. Wanawake wakampisha. Akaenda moja kwa moja chumbani, akasimama mbele ya kile kitanda. Akageuka akatoka, akaja akakaa mbele yangu, magoti yakigusana. Hakuwa analia. Nikaogopa.

"Kumbe ulikuwa wewe kweli, Dada," akasema.

"Hukunisikia?"

"Nlikusikia."

"Saa mbili?"

"Saa mbili, na saa nne." Alikuwa anasema kwa upole, kama mtu anayenieleza njia. "Nlikuwa uani nafua. Redio ya Bi Time inafika uani kwangu, lakini upepo unachukua maneno, inabaki sauti. Hainisumbui. Tangu mama aanguke mimi maneno yako siyasikilizi, Dada. Watu wa watu, wamekufa, Mungu awarehemu, wananihusu nini? Mimi nakusikiliza wewe. Kila asubuhi. Nikiisikia sauti yako imesimama, nasema alhamdulillah, mama kaamka salama. Siku ile alipozidiwa, kabla hujanipigia simu, nlijua. Ulisoma watu wawili tu na nikajua. Watu wengine hawakusikia kitu, mimi nlisikia. Leo nikakusikia umesimama kuliko siku zote. Nikasema, basi leo kaamka vizuri. Nikaanika nguo zangu."

Mke wa Mjomba akasema, "Innalillahi."

"Bi Time alinijia mbio, kichwa wazi, mtandio mkononi. Akanambia, Khawla, mama yako! Wamekutaja na wewe! Nikamwambia, Bi Time, muogope Mungu. Akaniapia. Nikamwambia, mimi na wewe nani anamjua dada yangu? Nimemsikia kwa masikio yangu haya, umechanganya, huyo atakuwa Sheikha mwengine mwenye Khawla mwengine. Mtu hamsomi mama yake vile. Ilipokuja saa nne akaniita nije nisikilize karibu, nikamwambia toka hapa, nimesikia, sauti ile ile. Nlimfukuza, Dada. Mpaka shemeji yake Bi Time alipopata simu yenye chaji akampigia Jecha Pemba, ndipo nikapanda gari, na saa hizo mlikuwa mmeshamtoa."

Nlitaka kujitetea. Maneno nlikuwa nayo yote, tele. Nlitaka kumwambia nlikutaja mara tatu, nlikwambia njoo haraka, saa nlikupa, mahali nlikupa, nini tena mtu anaweza kumpa mwenzake? Lakini nikamuona tena Nadra na machozi yake, na nikajua kwamba lau angeachiwa yule mtoto kile kiti, akameza jina, akameza saa, akameza na Makunduchi yenyewe, Khawla angekisikia kilio akaziacha nguo kwenye beseni akaja.

"Nisomee," Khawla akanambia.

"Nikusomee nini?"

"Lile tangazo. Nisomee mimi. Hapa hakuna redio, tuko wawili. Nisomee kama mtu aliyefiwa na mama yake, niamini."

Wanawake walikuwa wanatutazama. Nikajiweka sawa. Karatasi sikuwa nayo wala sikuihitaji. Nikaanza, tunasikitika kutangaza kifo cha Bi Sheikha binti Azzan, na machozi ambayo tangu alfajiri hayakuja yakaja yote kwa pamoja, yakanishuka mpaka shingoni, kanga yangu ikalowa kifuani. Nlikuwa nalia kilio kikubwa cha macho. Lakini sauti haikulia. Ilitoka vile vile, imenyooka, kila neno mahali pake. Nlitaka inikatike, wallahi, nlitaka kwa roho yangu yote, na nlijua hata pa kuikatia ni wapi: pale penye "mama yake". Nikafika hapo, ikapita. Nikavuta pumzi pale nlipokuwa nimeweka alama asubuhi. Nikasoma saa. Nikarudia jina.

Khawla alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yangu iko mikononi mwake.

"Ndiyo," akasema. "Ndivyo hivyo nilivyokusikia."